Sita Wanaojibizana: Utunzi wa Kikosi cha Mwanafunzi katika Pokémon

Michezo ya video ikitajwa katika kurasa za utamaduni, aghalabu hutajwa ili ilaumiwe. Husemwa kuwa inawapotezea vijana wakati, na mjadala hukoma hapo kabla mchezo wenyewe haujatazamwa. Tahakiki hii inashika njia nyingine. Inachukua mchezo mmoja, Pokémon, na ndani yake jambo moja tu, yaani namna mwanafunzi apangavyo kikosi chake cha kwanza cha mashindano. Kisha inakiuliza kikosi hicho swali ambalo huulizwa utungo wowote: kilichomo kimo kwa sababu gani?

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maelezo machache yatatosha. Ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kazi ya Satoshi Tajiri na wenzake wa Game Freak. Tajiri utotoni alipenda kukusanya wadudu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyozaa wazo la viumbe wa kukamatwa, kufunzwa na kubadilishana kwa waya uliounganisha mashine mbili za Game Boy. Viumbe wa mwanzo walikuwa 151. Leo wamepita elfu moja. Kila mmoja ana aina moja au mbili kati ya aina 18, na aina hizo zinashindana kwa kanuni: maji huushinda moto, moto huushinda mmea, mmea huyashinda maji. Pigo limpatalo adui penye udhaifu wake huzidishwa mara mbili, au mara nne ikiwa aina zake zote mbili ni dhaifu mbele yake. Katika mashindano rasmi ya wawili wawili, mchezaji huja na viumbe sita, huwatazama sita wa mwenziwe, kisha huchagua wanne wa kuingia vitani. Kiumbe hubeba mapigo manne, kipawa kimoja na kitu kimoja mkononi. Kiumbe harudiwi kikosini, wala kitu hakirudiwi.

Hizo ndizo arudhi zake, na anayezoea kuhesabu mizani hataona ugeni wowote. Mapigo manne ni machache, kama mizani minane ya utenzi ilivyo michache. Ni uchache huo unaomlazimisha mtunzi kuchagua.

Kosa la mwanafunzi karibu wakati wote ni lile lile la malenga mchanga. Malenga mchanga hukusanya maneno mazuri: lulu, asumini, mwezi, machozi, na kuyapanga mpaka vina vitimie, kisha hushangaa kuwa shairi halisemi kitu. Mwanafunzi wa Pokémon naye hukusanya viumbe sita wenye nguvu, au sita awapendao, kila mmoja na mapigo manne makali, na hushindwa na mtu ambaye viumbe wake, wakipimwa mmoja mmoja, ni dhaifu kuliko wake. Orodha za walio bora, zinazopanga viumbe kwa madaraja kama bei za sokoni, humzidishia kosa hili badala ya kulipunguza. Zinamwambia nani ana nguvu bila ya kumwambia nani ana nguvu akiwa na nani.

Hapana mfano ulio wazi zaidi kuliko kikosi cha Se Jun Park wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2014 katika mashindano yaliyofanyika Washington, D.C. Humo mlikuwamo Gyarados, Garchomp, Talonflame, Gardevoir na Gothitelle, ambao hawakumshangaza mtu. Wa sita alikuwa Pachirisu, kindi mdogo wa aina ya umeme ambaye jumla ya sifa zake sita za asili ni 405, ilhali Garchomp ana 600. Katika orodha yoyote ya nguvu, Pachirisu alikuwa wa kupuuzwa.

Lakini msomeni Pachirisu ndani ya utungo wake. Gyarados ni wa maji na anga, na umeme humpiga mara nne. Pachirisu ana kipawa cha kuunywa umeme: ukimpata, haumdhuru bali humrudishia robo ya uhai wake. Anabeba pigo liitwalo Follow Me, ambalo kwa Kiswahili yafaa kuitwa Nifuate, nalo huvuta kwake mashambulio yaliyoelekezwa kwa jirani yake. Basi adui aliyemwandalia Gyarados umeme huuona umeme huo ukihama njia na kumponya kindi. Park hakumpa kindi huyo mapigo ya kutegemea misuli asiyokuwa nayo. Alimpa pigo linalokata nusu ya uhai uliobaki wa adui, ambalo nguvu ya mpigaji haiongezi wala haipunguzi, na jingine la kumpooza adui apoteze kasi. Udhaifu wa Pachirisu haukufichwa. Ulifanywa usiwe na maana.

Wapenzi wa majibizano ya kishairi ya pwani, tangu enzi za Muyaka na mabishano ya Mombasa na Lamu, wanaujua ufundi huu. Mjibuji hodari halazimiki kuwa na sauti kubwa kuliko mwenziwe. Hulitwaa neno lililotupwa kwake kama jiwe akalifanya tofali la nyumba yake. Na ukimwondoa Pachirisu katika kikosi kile, ukamtia baina ya viumbe watano wasiouogopa umeme, hubaki kindi tu. Ndiyo maana anayemwiga Park kwa kumchukua Pachirisu peke yake amenakili neno na kuuacha ubeti.

Kikosi cha Park, hata hivyo, si kitabu cha darasa la kwanza. Ni kazi ya bingwa, na kilitungwa kuujibu msimu wake. Mwanafunzi ahitaji utungo ambao maana yake yasemeka kwa sentensi moja, na ulio bora kwa kazi hiyo ni ule ulioshamiri baada ya kutoka Sword na Shield mwaka 2019, wenye Indeedee wa kike, Hatterene na Torkoal. Sentensi yake ni hii: wa mwisho awe wa kwanza.

Hatterene ana pigo liitwalo Trick Room, Chumba cha Hila kwa tafsiri ya karibu. Likishapigwa, kwa mizunguko mitano, ukihesabiwa na ule wa kulipiga, aliye mzito hutangulia na aliye mwepesi husubiri. Torkoal, kobe wa moto mwenye kasi ya asili 20 tu, hupanda ghafla juu ya farasi wote wa uwanjani. Akiingia huleta jua kali linaloongeza mapigo ya moto kwa nusu na kupunguza ya maji kwa nusu. Kisha hupiga Eruption, mlipuko wa volkano, wenye nguvu 150 iwapo uhai wake ni kamili, nao huwapata maadui wote wawili. Nguvu ya mlipuko hupungua kadiri uhai wa kobe upungukavyo. Kwa hiyo asipigwe kabla ya kupiga, na kwa sababu hiyo Chumba cha Hila si pambo bali ni sharti.

Utamu uko katika namna chumba hicho kinavyojengwa. Pigo lenyewe huja mwisho kabisa wa mzunguko, na adui ana nafasi ya kumvuruga Hatterene, hasa kwa Fake Out, kofi la kushtua linalotangulia mapigo mengine na kumnyima aliyepigwa zamu yake. Indeedee akiingia hutandaza uwanja wa nguvu za fikra, ambao juu yake viumbe wanaokanyaga chini hawawezi kupatwa na mapigo yanayotangulia namna hiyo. Kofi limezimwa. Hubaki mashambulio ya kawaida, na hayo Indeedee huyavuta kwa Nifuate. Sasa zitazameni aina zao. Hatterene, wa fikra na uzimwi, huumizwa na mzuka. Indeedee, wa fikra na ukawaida, hapatwi na mzuka hata kidogo. Pigo la mzuka lililokusudiwa kumwangusha Hatterene huvutwa na Indeedee, likampitia kama upepo upitao katika wavu. Viumbe wawili wa aina moja ya fikra, ambao mwanafunzi angeonywa wasiwekwe pamoja kwa kuwa wanashiriki aina, wamewekwa pamoja kwa sababu ya pale wanapotofautiana.

Hapa pia ndipo mwanafunzi hujikwaa. Akishasikia kuwa Incineroar ni miongoni mwa viumbe bora wa mashindano, na ni kweli, humtia katika kikosi hiki akitegemea kofi lake la Fake Out. Uwanja wa Indeedee haubagui: humzuia adui kuwapiga wenyeji kofi, na humzuia Incineroar kumpiga kofi adui akanyagaye chini. Neno zuri limevunja kina. Hakuna orodha ya madaraja iwezayo kumwonya mtu kuhusu jambo hili, kwa kuwa Incineroar hana kosa, na Indeedee hana kosa.

Nafasi tatu zilizobaki ziwe majibu. Jua la Torkoal hupunguza maji lakini haliyazimi, basi Gastrodon, konokono mwenye kipawa cha kuyavuta maji na kuyanywa, hukaa karibu naye. Yeye ni dhaifu mara nne mbele ya mmea, na mmea ndio kuni za Torkoal. Ila jua lile lile hudhoofisha maji ya Gastrodon mwenyewe, kwa hiyo apewe pigo la ardhi aache fahari ya bahari. Conkeldurr, mpiganaji mzito mwenye kasi 45, ni jibu kwa wa aina ya giza wanaomtisha Indeedee. Wa sita ni Venusaur, ambaye kipawa chake huzidisha kasi mara mbili juani. Yeye hapatani na Chumba cha Hila, na hilo ni kusudi: Hatterene akiangushwa kabla ya kukijenga, kikosi kisibaki kimya. Wanne tu ndio huingia, na mtunzi huchagua asubuhi hiyo kama atasema kwa uzito au kwa wepesi.

Yako mambo madogo ambayo mwanafunzi huyaona ni uzushi mpaka ayaone yakifanya kazi. Kila kiumbe hugawiwa alama 510 za mazoezi, zisizozidi 252 kwa sifa moja. Torkoal apewe 252 za uhai na 252 za shambulio, na katika kasi asipewe hata moja. Tena achaguliwe hulka inayomwongezea shambulio sehemu ya kumi na kumpunguzia kasi sehemu ya kumi. Hata hali ya hewa humpendelea mzito: Torkoal na Tyranitar wakiingia pamoja, mmoja na jua, mwingine na tufani ya mchanga, vipawa hufuata kasi, na cha aliye mzito hutokea mwisho kikafuta cha mwenziwe. Jua la kobe ndilo hubaki.

Kisha liko suala la kuazima. Katika matoleo kama Sword na Shield la 2019 na Scarlet na Violet la 2022, mchezaji huweza kukitoa kikosi chake kwa msimbo, na asiyemjua akakiingia nacho vitani bila ya kufuga kiumbe hata mmoja. Wako wanaoona jambo hili ni wizi wa utunzi. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Hakuna malenga aliyeanza kutunga kabla ya kughani ya wengine, na saa nyingi za kufuga viumbe ni kibarua, hazifundishi kutunga. Lakini kikosi cha kuazima hakibadilishiki: huwezi kung'oa pigo moja ukatia jingine. Mwanafunzi anayeshindwa nacho mara kumi kwa sababu moja hana pa kuandika alichojifunza. Akiazima, aazime ili asome kwa juma moja au mawili, aeleze kwa maneno yake kila mmoja wa sita amo kwa ajili ya nani, kisha akijenge upya kwa mkono wake huku akibadilisha angalau kiumbe mmoja. Asipoweza kukieleza, ushindi alioupata nacho ni wa mwenye msimbo.

Dosari ya kikosi cha Torkoal nayo isifichwe. Nifuate haivuti mapigo yanayowapiga wote wawili, na adui mwenye mapigo hayo humfikia Hatterene bila ya kumwomba Indeedee ruhusa. Chumba cha Hila nacho, kikipigwa na adui kwa mara ya pili, hubomoka papo hapo. Mtunzi wake hutambulika mapema, tangu sita wanapoonekana, na mpinzani mwenye subira humtoa kiumbe wake mkali na kujikinga mpaka mizunguko ikaisha.

Aidha, toleo la 2019 lilitoka kwa lugha tisa, na Kiswahili hakimo. Majina ya mapigo yaliyotafsiriwa hapa hayana mwenyewe. Vijana huyasema kwa Kiingereza, na maelezo yake huyasoma kwa Kiingereza, hata pale ambapo neno moja la Kiswahili lingemweleza mwanafunzi kazi ya pigo kuliko jina lake. Nifuate ni neno la namna hiyo. Atakayeketi kuyatafsiri mapigo, hata mia tu ya yale yatumikayo zaidi katika mashindano, aanze na hayo ya kuvuta, kukinga na kugeuza zamu, kwa kuwa ndiyo yanayowaunganisha viumbe. Majina ya mapigo ya kupiga tu yaweza kungoja.