Kwa Maneno ya Nani? Kiswahili cha Vita kati ya Mwansabombwe na Itabwa

Wahakiki wa Kiswahili wanapoizungumzia nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, aghalabu huifikia kwa kitabu kimoja: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Matini hiyo ilichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha ikahaririwa upya na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni hazina ya nathari ya karne ya 19, na hilo halina ubishi. Kinachostahili kuhojiwa ni namna inavyosomwa.

Katika masimulizi ya vita vya 1867 dhidi ya Nsama wa Itabwa, ambaye msimulizi humwita Samu, vitendo vinafuatana kwa kiambishi -ka- bila kupumua. Kufika, kupigwa, kulipiza na kuhesabu pembe kwa frasila vinapewa uzito mmoja wa kisarufi. Wasomaji wengi wameusifu wepesi huo. Wachache wameuliza unaficha nini. Vita vinasimuliwa kama safari ya biashara iliyochelewa kidogo, na aliyeshindwa anabaki jina tu. Shajara ya David Livingstone, aliyekwamishwa na vita hivyo hivyo njiani kuelekea kwa Kazembe, inaonyesha upande mwingine: suluhu ilihitaji mashauriano ya miezi, na Nsama akamwoza binti yake kwa mfanyabiashara wa pwani. Amani ilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo -ka- haina subira nayo.

Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ina kitabu chake. Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, cha Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, kilitoka kwa Kibemba mwaka 1951. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuona kwamba bantu bandi ni watu wangu. Vitabu vyote viwili vinadai umiliki wa kauli tangu jalada, lakini cha Mwata kinasimulia vita kama hati ya ardhi: nani alishindwa, nani akaachiwa nchi, nani alete mlambo. Nacho si cha kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa, kwa kuwa ni sauti ya ikulu. Hata hivyo, uhakiki unaokisoma cha Tippu Tip peke yake unasikiliza kesi kwa shahidi mmoja, tena mshindi.

Suala hili si la maktaba tu. Tangu mapigano ya 2017 katika Haut-Katanga na Tanganyika, wakimbizi wa Kongo wamevuka hadi Nchelenge, na makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka 2018. Wengi wao huzungumza Kiswahili. Moba, mojawapo ya maeneo yaliyokumbwa na machafuko hayo, ni nchi ya Watabwa. Lugha iliyoingia Itabwa na bunduki za misafara sasa inavuka mpaka midomoni mwa wanaokimbia bunduki.

Sera haijalitazama jambo hili ipasavyo. SADC ilikifanya Kiswahili lugha rasmi Agosti 2019, na Zambia ni mwanachama. Lakini Kiswahili hakimo katika lugha saba za kikanda zinazotambuliwa katika elimu nchini humo. (Kilunda kimo, ila ni cha Kaskazini-Magharibi, si lugha ya sifa za Mwata ambayo hata wengi wa watu wake hawaielewi.) Mshauri atakayependekeza Kiswahili Luapula kwa hoja ya biashara na utangamano pekee atakutana na kumbukumbu ya misafara asiyoijua.

Pa kuanzia ni padogo: sehemu za Ifikolwe zitafsiriwe kwa Kiswahili, zile za Itabwa katika Maisha zitafsiriwe kwa Kibemba, na zisomwe bega kwa bega. Wanaoweza kuzipima tafsiri hizo kwa lugha zote mbili hawako mbali. Baadhi yao wanaishi Mantapala.