Kina cha Mwanzo

Kaseti niliyoazima haikuwa na kava. Mwenyewe alikuwa ameirekodia juu ya mahubiri, kisha kwenye kikaratasi cha ubavuni akaandika kwa peni neno moja: VINA. Upande wa pili, wimbo wa mwisho ukiisha tu, mchungaji alikuwa anarudi katikati ya sentensi na kuendelea kukemea, kama mtu aliyenyang'anywa kipaza sauti na sasa amekipata. Nilikuwa naipiga kwenye redio ya mjomba wangu, mvuvi wa dagaa, katika chumba alichopanga mlimani Igogo, chumba ambacho ukuta wake wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe. Siku moja mjomba aliichomoa, akasoma, akaniuliza:

"Vina hivi vya wapi, mjomba? Vya huku Bwiru au vya kule Ukerewe?"

"Vya muziki, mjomba."

"Muziki nao una kina?"

Nilicheka sana. Nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hucheka upesi anapodhani mkubwa hajaelewa. Kwa mvuvi, kina ni safari ya kamba kutoka ubavuni mwa mtumbwi hadi jiwe ligonge chini. Kwa mwalimu wangu wa Kiswahili, kina ni silabi zinazofanana sauti mahali palepale katika kila mshororo. Neno ni moja, na wingi wake ni mmoja. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba swali la mjomba ndilo swali bora nililowahi kusikia kuhusu albamu ile.

Jina lake kamili ni Vina Mwanzo Kati na Mwisho, albamu ya kwanza ya Fid Q, yaani Fareed Kubanda, mchanaji mtoto wa Mwanza. Ilitoka miaka michache kabla ya Propaganda ya 2009, ambayo wengi wanaiweka juu zaidi. Wana sababu zao. Mimi nabaki na ile ya kwanza, na nitaanzia kwenye jina, kwa kuwa sijaona albamu nyingine ya Bongo iliyotangaza hesabu zake za ufundi waziwazi hivyo pale juu ya kava, mahali ambapo wenzake waliweka majigambo, machozi au jina la mtaa.

Aliyesoma sekondari nchi hii anakumbuka: shairi la kimapokeo lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao, ukwapi unaishia kwenye kina cha kati, utao kwenye kina cha mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaweka hayo kwenye kitabu mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa neno "sheria" alimaanisha sheria. Kati na mwisho, basi. Kina cha mwanzo hakimo katika masharti tuliyokaririshwa. Kijana wa kuchana anatokea mitaa ya miamba, anaongeza cha tatu, tena anakiweka mbele ya vile viwili kama mgeni aliyekaribishwa kiti cha mwenye nyumba.

Malenga wa zamani hawakuwa wageni kabisa na jambo hili. Walikuwa na pindu, wengine wakiita mkufu, ambapo maneno ya mwisho ya ubeti mmoja yanafungua ubeti unaofuata. Lakini pindu ni kiungo cha ubeti na ubeti, kama pingili za mnyororo wa nanga. Ninachokisikia kwenye albamu hii ni kitu kingine, nacho kinaeleweka vizuri zaidi ukiweka kidole mezani na kuhesabu ngoma. Biti ya hip hop inakwenda kwa nne. Moja ni ile ngoma nzito ya chini. Mbili na nne ni ile kali inayochapa kama mlango wa bati ukipigwa na upepo. Sasa soma tena jina la albamu. Mwanzo, kati, mwisho: moja, mbili, nne. Ukwapi unaangukia kwenye mbili, utao kwenye nne, na ile moja, ambayo shairi la gazetini halikuwa na haja nayo kwa kuwa halina ngoma chini yake, inadai kina chake. Ndivyo ninavyosikia mimi. Jina lile ni ramani ya ngoma iliyoandikwa kwa maneno ya mwalimu wa fasihi.

Rudi sasa kwa mjomba na kamba yake. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, la kwanza kwa ukubwa Afrika, lakini kina chake kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo. Tanganyika, ambayo kwa upana hailifikii hata nusu, inazidi mita 1,400. (Na Amri Abedi, mtunga sheria, alikuwa mtu wa Ujiji, pwani ya ziwa refu. Sisi tumejaliwa upana.) Vina vya Kiswahili vimekaa kama ziwa letu. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwenye irabu, na irabu ni tano tu. Vitenzi navyo, ukiviacha vya asili ya Kiarabu na vikanushi, vimejaa -a mwishoni. Mwenye kutaka kina hahitaji kutafuta, atakanyaga kimoja kila hatua. Ndiyo maana mchanaji mvivu anaweza kufunga mistari 20 kwa -a na kuondoka kifua mbele. Maji yamejaa kila upande, yanafika magotini.

Ufundi unaanza mtu anapokataa irabu ya bure. "Dagaa" na "kitaa" zinafanana mkiani, na kwa biti ya haraka hakuna atakayelalamika. Lakini "dagaa" na "zagaa" zinafanana hadi karibu na mzizi. "Samaki" na "hamaki" zimeachana kwa herufi moja tu ya mbele. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina kinachoanzia pale penye mkazo kinasikika mara mbili: kwenye sikio na kwenye mwendo wa mstari. Fid Q anatafuta hicho. Anafunga silabi mbili, tatu, wakati mwingine neno moja dhidi ya maneno mawili yaliyosogezwa pamoja, na anavitawanya ndani ya mstari badala ya kuvipanga foleni mwishoni. Sauti yake inasaidia, nzito, isiyo na haraka. Anachana kama mtu anayesoma mizani sokoni na hataki ugomvi na mnunuzi. Wakati mwingine kina cha mwisho kinafika, wewe bado unashughulika na cha kati, na maana unaipata mistari miwili baadaye, ukiwa umeshachelewa.

Mjomba alipata tabia ya kurudisha nyuma sehemu moja ya upande wa kwanza. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo alitoa kaseti, akaizungusha kwa peni ya Bic, akaipiga tena. Mara ya tatu au ya nne akasema, "Hapa bado kamba haijagusa chini."

Kuna ugomvi wa zamani ambao albamu hii imeingilia, pengine bila kuombwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho siku ya hewa safi unaona milima yake kutoka ziwani. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani na kuandika ushairi kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida. Wanamapokeo walikasirika. Walisema hayo si mashairi, na mabishano yakaendelea magazetini na vyuoni kwa miaka. Hoja ya upande wa mabadiliko ilikuwa na nguvu: masharti yanabana fikra, mtunzi anatafuta neno lenye kina badala ya neno lenye ukweli, na mtu wa kawaida anabaki nje ya mlango. Nilisoma Kichomi nikiwa chuo na niliamini kila neno la hoja hiyo. Bado naamini sehemu kubwa.

Ila tazama kilichotokea. Vijana wa kawaida, wale ambao ushairi ulitakiwa kushushwa uwafikie, hawakusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J aliweka Kiswahili juu ya nyimbo za Marekani. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit. Mwaka 2000 Hard Blasters wakatoa Funga Kazi, na mwaka uliofuata Professor Jay akaja na Machozi, Jasho na Damu. Walijichukulia ushairi wenyewe, vijiweni, bila mwalimu. Na kitu cha kwanza walichokirudisha kilikuwa kile kile ambacho msomi wa Ukerewe alikitupa ili awakaribie: vina. Mtoto mwingine wa ziwa hilohilo akaenda mbali zaidi, akaongeza na cha mwanzo.

Nimewahi kudhani hilo linamfanya Kezilahabi kuwa amekosea. Sasa sidhani. Mizani ya silabi nane kwa nane, hiyo albamu haiifuati hata kidogo: mstari mmoja una silabi 10, unaofuata 17, mwingine umekatwa ukaachwa hewani, ngoma ikamalizia. Lugha ni ya mtaani, na mada ni yoyote ile. Uhuru wote huo ni wa Kichomi. Fid Q ametwaa uhuru kwa Kezilahabi na pingu kwa Amri Abedi, kisha akagundua kwamba pingu zikifungwa kwa ngoma zinacheza. Neno lake "KitaaOLOJIA", jina aliloipa albamu nyingine, linaonyesha akili hiyohiyo: kitaa upande mmoja, chuo upande wa pili, katikati hakuna hata nafasi ya kupumua.

Isidhaniwe kwamba sioni dosari. Kuna nyakati ufundi unasikika kuliko jambo. Misemo inafuatana kama kanga kwenye kamba ya kuanikia, kila moja nzuri, na baada ya ya sita hukumbuki ya kwanza ilisemaje. Ukitaka kusimuliwa kisa ambacho bibi yako atakifuata tangu mwanzo hadi mwisho, nenda kwa Professor Jay. Wimbo wake wa Ndio Mzee unaeleweka hata na aliyesinzia. Fid Q anadai msikilizaji aliyekaa. Ile albamu haifai kwenye daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni. Nimejaribu.

Mjomba alikuwa na swali lingine. Ujana wake alikuwa mchezaji wa Bagalu, na kwa Msukuma wa umri wake dunia ya nyimbo ina vyama viwili tu, Bagalu na Bagika, vilivyoanzishwa karne ya 19 na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Gumha na Ngika. Msimu wa Bulabo, kama pale Bujora, Kisesa, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vinavyotazamana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Anayeongoza ni ningi, mtunzi na mwimbaji wa kundi, ambaye lazima awe na neno jipya kila mara, maana watazamaji wakichoka wanageuza migongo palepale na kuvuka upande wa pili. Dawa ya kuvuta watu nayo ilikuwepo, na mjomba hakuona aibu kuitaja. Nilipomwambia kwamba huyu wa kwenye kaseti hutumia jina la Cheusi Dawa, alitikisa kichwa taratibu, akiona kwamba sasa mambo yameeleweka.

"Ningi mzuri," alisema. "Lakini anashindana na nani? Sisikii upande wa pili."

Nikamjibu kwamba anashindana na wa Dar es Salaam, kwa sababu studio na redio zenye nguvu zilikuwa huko, na sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa na kiu ya kusikia mtu wetu akiwashinda. Jibu halikumridhisha. Leo ningemwambia anashindana na irabu: na ule urahisi wa Kiswahili unaomtega kila mtunzi, wa gazetini na wa studio. Kala Jeremiah na Young Killer Msodoki, waliotoka Mwanza baada yake, walikuta uwanja umefyekwa na kipimo kimeshawekwa; hakuna tena wa kuchana huku akasifiwa kwa -a tupu.

Ukipata nafasi, isikilize ziwani. Meli ya Nansio inang'oa nanga Mwanza, inaliacha Jiwe la Bismarck nyuma, na safari ni kama saa tatu. Vaa spika za masikio, kaa upande usio na jua, usiruke wimbo. Albamu itaisha kabla hujafika. Anza tena, safari hii ukihesabu zile ngoma kwa kidole. Ukishuka, uliza gari la Namagondo.