Kilo 11 Kifuani: Jinsi Akii-Bua Alivyojenga Nguvu

Rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi aliyoivunja John Akii-Bua wa Uganda ilitoka nyanda za juu. David Hemery wa Uingereza aliiweka mwaka 1968 Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, kwa sekunde 48.12. Huko hewa ni nyepesi, na anayekimbia masafa mafupi hukutana na upepo mdogo usoni. Mganda huyu alikimbia Munich mwaka 1972, mji ulioko mita 520 hivi tu, tena kwenye njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Alimaliza kwa 47.82. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery mwenyewe wa tatu kwa 48.52. Katika fainali ya Olimpiki, pengo kama hilo haliletwi na hali ya hewa.

Lililetwa na mazoezi. Kocha wake Malcolm Arnold, Mwingereza aliyefundisha Uganda kuanzia 1968 hadi 1972, alimvalisha kizibao kilichotiwa madini ya risasi, uzito wa kilo 11 hivi, kisha akamkimbiza mita 1,500 akiruka viunzi. Viunzi vyenyewe vilikuwa vya sentimita 107, urefu unaotumika katika mbio za mita 110, ilhali vya mita 400 ni sentimita 91. Siku ya mashindano, bila kizibao na mbele ya kiunzi kifupi, kila mruko ulikuwa nafuu.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Nguvu za kunyanyua chuma kizito mara moja ni kitu kimoja. Nguvu zinazobaki mguuni baada ya mita 300, pumzi ikikata na mapaja yakiwaka, ni kitu kingine kabisa. Arnold alizitafuta hizo za pili.

Sasa tuje kwa kijana wa Abuku, wilayani Koboko, Uganda, anayetaka kujenga nguvu kwa kunyanyua chuma. Arua, mji mkubwa wa karibu, uko mita 1,200 hivi, sawa na Kampala alikofanyia mazoezi Akii-Bua. Mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Mombasa. Kwa mnyanyua vyuma hiyo si shida kubwa. Mnyanyuo mmoja mzito huchukua sekunde chache, na misuli hutumia akiba iliyokwisha kuwekwa ndani yake, haisubiri oksijeni. Uzito unaouweza Mombasa utauweza Koboko pia.

Oksijeni huhitajika baadaye, wakati wa kuijaza ile akiba upya kati ya raundi na raundi. Kadiri unavyopanda juu, kazi hiyo huenda polepole zaidi. Iten, Kenya, kwenye mita 2,400, hewa imepungua kwa robo. Mgeni akipumzika dakika moja tu kati ya raundi, ya tatu itamshinda, naye atadhani amepoteza nguvu. Hajapoteza kitu, amejinyima muda. Ukipita mita 5,000, kama kileleni mwa Margherita kwenye milima ya Rwenzori, habari hugeuka: anayekaa huko kwa wiki kadhaa hamu ya kula humpungukia na misuli huanza kuliwa na mwili wenyewe.

Kwa hiyo kijana wa Abuku asihangaike na mwinuko. Ainue chuma kizito akiwa bado hajachoka, mwanzoni mwa zoezi, apumzike dakika tatu hata kama wenzake wanamcheka. Siku nyingine afanye la Arnold: mzigo mwepesi mgongoni, kilima, na kuruka. Kilo 11 ni zaidi kidogo ya nusu ya jerikeni la lita 20 lililojaa maji, na hata hizo ni nyingi kwa anayeanza. Aanze na kilo tatu au nne za mchanga uliofungwa vizuri usichezecheze, apande akikimbia na kushuka akitembea, kwa sababu magoti huumia zaidi wakati wa kushuka.