Wazee Wake Wako Wapi?

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba Kariakoo, nikakimaliza kabla basi halijafika Nangurukuru. Tasnifu yangu ya uzamili ilibaki mkobani. Ni cha mfululizo wa Modern wa Mills & Boon, kampuni iliyoanza London mwaka 1908: tajiri wa Kigiriki, karani wake, na posa ukurasa wa mwisho. Kwamba wataoana nilijua tangu jalada. Hiyo ndiyo ahadi ya vitabu hivi, wala silalamiki.

Jioni, Kilwa Kivinje, nikamsimulia shangazi huku akikuna nazi. Boti la kifahari lilimchekesha. Kisha akauliza, “Wazee wake wako wapi?”

Nikapekua. Mama wa msichana kafa kabla ya sura ya kwanza. Mjomba hayupo, mshenga hayupo, hata jirani mwenye maneno hayupo. Mwandishi amemfagia kila ambaye angeweza kusema hapana, ndiyo maana ugomvi wao hauumi: unaisha kwa busu. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, na hapo ndugu wana uzito.

“Na wako je?” shangazi akauliza, bila kuinua macho kwenye mbuzi.

Wangu, huu mwaka wa pili, hajamtuma mtu.