Nani Anaombwa Kuachilia Jina? Kusoma Tena Baba Tempels Hapa Kamina

Kuna neno moja ambalo siku hizi tunalisikia kila fasi: kwenye mahubiri, kwenye video za wale wanaofundisha "kufaulu maishani", hata kwenye matanga. Wanasema: ua ile "mimi" yako. Achilia jina, achilia cheo, achilia diploma, ndiyo utapata amani. Neno hili haliko la jana. Masufi wa Islamu wanalifundisha tangu zaidi ya miaka 1000, watawa wa Kikristo vilevile, na wafuasi wa Buddha tangu mbele yao wote. Na hapa kwetu, katika nchi ya Baluba, iko mutu aliyeandika kitabu kidogo juu ya jambo lile lile: Placide Tempels, na kitabu chake Notre rencontre, kilichotoka 1962. Ninaomba tukisome tena, kwa heshima, lakini macho wazi.

Tempels alikuwa Mufransisko, alizaliwa Ubelgiji 1906, akafika Kongo 1933. Wengi wetu tulisikia jina lake kwenye universite juu ya La philosophie bantoue, kilichochapwa Élisabethville 1945. Notre rencontre hakisomwi sana, na ni hasara, maana ndani yake muandishi anajigeukia mwenyewe. Anaeleza namna alikuja sawa bwana: padri, mwalimu, mukubwa, mutu mwenye majibu yote. Alifundisha, alikemea, aliamuru, na maneno hayakuingia. Kisha akageuza mambo. Akaanza kuuliza watu wanatamani nini maishani. Jibu lilikuwa tatu: uzima, uzazi, mapendo. Alipolisikia, aliona hata yeye anatamani vile vile. Ule bwana akaanguka, akabaki mutu mbele ya watu.

Hapo ndipo Jamaa ilizaliwa, kule Ruwe, Kolwezi, kuanzia 1953. Tusisahau Ruwe ilikuwa nini: kampi ya Union Minière. Mufanyakazi kule alikuwa na namba, na namba ile njo ilitembea kwenye makaratasi mbele ya jina lake. Ndani ya Jamaa, bwana na bibi yake wakaitwa baba na mama, kapita na mutu wa mupauni wakakaa pamoja. Kwa mimi hii ndiyo nguvu kubwa ya Tempels. Padri aliteremuka, na wale waliokuwa namba wakapanda. Kuachilia kwa mumoja kulifungua njia kwa mwingine.

Sasa tuseme na upungufu. Kitabu cha 1945 kinatangaza kwamba Muntu ana hekima yake kamili, lakini wazee waliomupatia Tempels hekima ile karibu wote hawana jina ndani. Jina liko moja tu, kwenye jalada. Aimé Césaire alimushambulia mapema, 1950: wanamusifu Muntu juu ya heshima na roho yake, lakini mushahara na ardhi hawagusi. Fabien Eboussi Boulaga naye, 1968, aliuliza ni nani anasema ndani ya kitabu kile, na anasema na nani. Maulizo hayo hayajazeeka. Kwa haki lazima niongeze kwamba Tempels hakukula raha. Kitabu kilimuletea magombano na askofu de Hemptinne, akakaa Ubelgiji kuanzia 1946 hadi 1949. Hata hivyo, mutu anayeachilia ubwana kwa mapenzi yake anabaki na kitu: anaweza kuandika juu ya kuachilia kwake, na watu watamusoma.

Kinachoshangaza ni hiki: jibu liko ndani ya kitabu chake mwenyewe, na yeye hakulifuata mpaka mwisho. Anaandika kwamba Baluba wanatofautisha majina ya namna tatu. Iko dijina dya munda, jina la ndani, ambalo halipotei. Iko jina ambalo mutu anapata wakati nguvu yake inaongezeka, sawa vile mufalme akisimikwa. Halafu iko jina la kujichagulia, la kizungu, lisilo na kina. Wazee wetu basi walijua kwamba si kila jina linaachiliwa. La inje unaweza kuvua sawa koti. La ndani ukilivua, unavua mutu.

Misioni ilikuja na majina yake. Kisha 1972 Mobutu akaamuru majina ya Kikristo yaondoke. Mutoto wa Likasi, Valentin-Yves Mudimbe, akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Mara mbili watu wetu waliambiwa waache jina. Ile haikuwa safari ya roho, ilikuwa amri ya mukubwa.

Masufi wanatusaidia kuona tofauti. Wanasema juu ya fanaa, kuisha kwa nafsi mbele ya Mungu, lakini mara moja wanaongeza baqaa, kubaki. Junayd wa Baghdad, aliyekufa 910, alikuwa na mashaka na wale wanaolewa katika kuisha bila kurudi. Kwake, mutu anarudi, anashika tena kazi yake na wajibu wake, lakini hajioni tena kuwa ni kitovu cha dunia. Na mutu wa namna hii haogopi rahisi. Tarika ya Qadiriyya ilipoenea Maniema, serikali ya Wabelgiji iliiangalia kwa woga. Watu wanaokaa pamoja kumutaja Mungu, na wanaomusikia shehe kuliko administrateri, hawatawaliki vizuri.

Mimi ni mutu wa udongo, basi niseme na neno la shamba. Wahubiri wanapenda kusema mbegu lazima ife. Pasua punje ya hindi inayoota, utaona kinachoisha ni akiba, ule unga ulio ndani. Kiini hakikufa. Kiini kikikufa, punje inaoza na hakuna kitu kitatoka, hata uweke mbolea gani. Kuachilia kuzuri ni kutumia akiba ili kiini kikue.

Juu ya nini ninaandika haya kwa sisi? Juu tuko wengi tuliomaliza, kazi hakuna, na wanatuambia: "Diploma ni kiburi, iachilie, kubali kila kitu." Angalieni ni nani anasema. Mara nyingi ni mutu mwenye ofisi, mwenye mushahara, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Anaomba mwenye njaa aachilie tumaini, na yeye hajaachilia hata kiti. Huyo Junayd hangemutambua, na Tempels wa Ruwe pia.

Lakini upande wa pili unatugusa sisi. Tukienda kwa mama mulimaji, kuingia shambani na "mimi Enjenyeri" mudomoni ni kufanya yale Tempels aliyafanya mbele ya kugeuka. Hapo jina la cheo lishuke. Maarifa yenyewe yasishuke: udongo wake ukiwa na asidi, nitamuambia, na yeye ataniambia mihogo gani inakubali pale na tangu lini. Na tukiandika ripoti, jina lake liwekwe pembeni ya letu, akikubali.

Wazee waliokuwa katika Jamaa, wengine wangali hai, Kamina, Kolwezi, Likasi. Wale wenye nao nyumbani, muwaulize sasa waliachilia nini, na walipata nini badala yake. Jibu lao halimo ndani ya Notre rencontre.