Maleba Nayo Yasahihishwe

Tulialikwa mjini Rumonge kutazama igizo la wanafunzi kuhusu uvamizi wa Rumaliza katika miaka ya 1880. Kiswahili cha waigizaji kilikuwa safi na matukio yalifuatana vizuri. Kasoro ilikuwa miguuni. Askari wa Rumaliza waliingia jukwaani wamefungwa miundi kwa vikinga vya plastiki vya wachezaji mpira, vilivyopakwa rangi ya fedha. Watoto waliokaa mbele walicheka. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba askari wa zamani walivaa chuma.

Wa zamani ipi, na wa wapi? Mabamba ya chuma ya miguuni yalikuwa vazi la wapiganaji wa Ulaya, hasa katika karne ya 14 na ya 15. Kiswahili chenyewe ni shahidi: tunayo deraia ya mwili, chapeo ya kichwa na ngao ya mkononi, ila kwa vazi la chuma la mguuni hatuna neno moja lililozoeleka. Huenda mwanafunzi akatetea kwamba tendi zetu zinataja deraia. Ni kweli, lakini Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kwa mfano, unasimulia vita vya Waarabu na Warumi, si vita vya ufuko wa Tanganyika.

Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alikuwa na makao yake Ujiji. Watu wake walibeba magobori. Mavazi ya misafara ya wakati ule yalikuwa kanzu, au shuka za merikani na kaniki. Miguuni viatu vya ngozi kwa mwenye uwezo, na wengi walitembea peku. Wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo walikuwa na mikuki, pinde na mishale, wamevaa ngozi au impuzu, nguo ya magome ya mti. Muundi ulikuwa wazi pande zote mbili.

Je, tunakuza jambo dogo? Hatudhani hivyo. Merikani haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa doti, ikalipa wapagazi, ikanunua pembe za ndovu, ikanunua na watu. Shuka kiunoni mwa askari yule ndiyo bei ya mateka anayemburuta. Tukimvisha plastiki ya fedha, tunaificha biashara nyuma ya ushujaa wa filamu. Tena tunawapunja Warundi waliomrudisha nyuma: walikabili bunduki, si mabamba.

Igizo lenyewe lilitupa ushahidi. Katika onyesho la tatu aliingia msichana mateka, kamba shingoni, kaniki iliyochakaa mwilini, peku. Hakutamka neno. Ukumbi mzima ulinyamaza, na wale watoto wa mbele pia.

Rai yetu kwa walimu wenzetu ni hii: kabla ya kushona au kuazima maleba, wanafunzi wajibu maswali matatu. Huyu ni nani? Yuko wapi? Ni mwaka gani? Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kinatosha, na hakihitaji fundi. Ngeli ikikosewa tunaipigia mstari mwekundu bila huruma. Mguu uliovishwa karne isiyo yake nao unastahili mstari huohuo.