Kaya Hewa na Paa wa Thumni: Hukumu ya Hadhara katika Lugha ya Ruzuku

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaotekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tangu mwaka 2012, kwa kawaida husomwa kama suala la uchumi: nani apewe, apewe kiasi gani, na kwa faida ipi. Makala haya yanausoma kama suala la lugha. Yanadai kwamba hukumu anayopewa mtu aishiye kwa ruzuku haianzii kinywani mwa jirani mwenye kijicho. Imekwisha kutolewa ndani ya msamiati wa mpango wenyewe, na jirani huikariri tu. Ili kuonyesha hilo, msamiati huo unawekwa kando ya ngano ya Unguja ya maskini aliyemnunua paa, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, chini ya jina la Sultani Darai.

Kata ya Bonga, katika Mji wa Babati mkoani Manyara, ni mahali pafaapo kuanzia. Jina lake limejulikana nchini kwa sababu ya lami: kipande cha Mela hadi Bonga, kilomita 88.8, ni sehemu ya barabara ya Dodoma–Babati iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za Japani, ikazinduliwa mwaka 2018. Mpango wa kunusuru kaya nao umetegemea mikopo, hasa ya Benki ya Dunia. Hakuna mkutano ulioitishwa kuuliza nani katika Bonga anastahili kupita juu ya lami. Apitaye huitwa mwananchi, na barabara huitwa maendeleo. Fedha ya mkopo ikifika mkononi mwa bibi aleaye wajukuu huitwa msaada, naye huitwa mlengwa.

Namna mlengwa anavyopatikana yafaa kuangaliwa kwa jicho la fasihi simulizi. Maeneo hupangwa kwanza kwa viwango vya umaskini. Kisha mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa hutaja kaya zinazoonekana kuwa duni zaidi. Dodoso hujazwa, alama hutolewa, na mwishoni orodha hurejeshwa mkutanoni ili majina yathibitishwe au yapingwe mbele ya watu. Huu ni utendaji kamili: una msomaji wa orodha, una hadhira yenye haki ya kuingilia kati, na una mhusika mkuu ambaye mara nyingi hasemi lolote. Nia yake ni njema, kwani uwazi huwazuia viongozi kupenyeza ndugu zao. Lakini uwazi huohuo humtaka mtu akubaliwe hadharani kwamba ameshindwa maisha. Tena jambo hilo hutendeka kwa Kiswahili, katika eneo la Wagorowa, Wairaqw na Warangi, ambako kwa wazee wengi Kiswahili si lugha ya jikoni. Umaskini wao hutangazwa kwa lugha ya pili.

Katika msamiati huo, neno ruzuku ndilo lenye kina kikubwa. Lina asili moja na riziki, na katika Kiswahili cha dua Mungu ndiye amruzukuye mja, mwema na mwovu, bila kumhoji. Katika lugha ya mpango ruzuku imegawanywa: ipo ya msingi na ipo ya masharti. Katika awamu ya kwanza kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi. Nyongeza ilitegemea watoto na mahudhurio yao shuleni na kliniki, na jumla haikupita shilingi 38,000. Kisarufi, “ruzuku ya masharti” haina kasoro. Msikilizaji aliyekulia kwenye dua, hata hivyo, huusikia mgongano.

Maskini nalo limepoteza kitu. Lisemwapo kama kihisishi hubeba huruma: “Maskini, kafiwa!” Hapo halimpimi mtu, humsogelea. Likifungwa nyuma ya kaya huwa kivumishi cha ofisi, jibu la dodoso, na huruma hutoka. Mlengwa ni nomino ya kutendwa itokanayo na kulenga; ndiye aelekezewaye mshale. Akiondoka mpangoni kwa kuwa hali yake imeinuka, husemwa kuwa amehitimu, kana kwamba umaskini ulikuwa darasa na yeye alikuwa mwanafunzi mzito. (Mzizi huohuo ndio uliozaa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu.)

Neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni hewa. Lilivuma mwaka 2016 katika msako wa watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila haki, kisha likahamia kwenye ruzuku. Rais John Magufuli alipozindua kipindi cha pili cha mpango Februari 2020, kaya hewa zilizoondolewa zilitajwa kuwa zaidi ya 70,000. Ndani ya hesabu hiyo walijumuishwa waliofariki, waliohama, wasiojitokeza kupokea malipo na walioonekana si maskini. Kisemantiki mambo haya hayafanani hata kidogo. Marehemu aliwahi kuwapo. Aliyehama yupo kwingine. Asiyefika siku ya malipo huenda alikuwa hoi kitandani. Wizi ulikuwapo, na si busara kuukanusha. Lakini neno moja limemweka mwizi, maiti na mgonjwa katika fungu moja, na likishuka hadi barazani humfanya kila mlengwa kuwa mshukiwa wa uhewa mpaka athibitishe uzito wake.

Chimbuko la kiitikadi la hukumu hii halijifichi. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Julius Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, imerithiwa na kaulimbiu nyingi hadi ile ya Hapa Kazi Tu. Husahauliwa kwamba Azimio la Arusha la 1967, pamoja na ukali wake dhidi ya unyonyaji, liliwatoa lawamani watoto, wazee, walemavu, na pia wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Kupe wa enzi za Ujamaa alikuwa mwenye mtaji na nyumba za kupangisha. Katika soga za leo kupe ni jirani mwenye shilingi 10,000. Mabadiliko haya ya marejeleo ni makubwa, nayo yametokea bila neno lenyewe kubadilika hata herufi.

Jembe lenyewe halikuwahi kuwa dhamana. Babati ni nchi ya mbaazi, na mbaazi hizo zililimwa kwa kutegemea soko la India. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi ziingizwazo nchini humo, bei ilianguka na mwenye magunia akakosa mnunuzi. Mkulima aliyepanda kwa wakati na kupalilia kwa wakati hakuwa amelala hata siku moja. Dodoso lingeweza kumhesabu kuwa maskini. Methali ingemwita mvivu. Kipindi cha pili cha mpango, kwa kusisitiza kwamba mwenye nguvu apate fedha kwa kufanya kazi za muda za kijamii, kimemkabidhi mtu huyu jembe kwa mara ya pili.

Zanzibar ilichagua neno jingine. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, tajiri kwa maskini. Pensheni ni neno la aliyemaliza kazi; humchukulia mzee kuwa ametumika, iwe shambani, baharini au jikoni, na haumhitaji ushahidi zaidi ya umri na ukaazi. Hakuna mkutano wa kupima unyonge wake. Kenya nayo ilipanua Inua Jamii mwaka 2018 iwafikie wazee wote wa miaka 70 na zaidi, ingawa jina hilo bado linamwona mpokeaji kama mtu aliyelala chini.

Hapa ndipo ngano ya paa inapoingia. Usomaji uliozoeleka huiona kuwa ngano ya utovu wa shukrani: maskini anainuliwa na paa wake hadi kumwoa binti wa Sultani Darai, paa anaugua, bwana wake anampuuza hadi afe, kisha bwana huyo anajikuta tena jaani akipekua punje. Usomaji huo si wa kupingwa, lakini unaruka mwanzo, na mwanzo ndio wenye hukumu ya hadhara. Maskini anaokota thumni jaani. Anapita mchuuzi wa paa. Maskini anamwita, na watu walio karibu wanamkataza mchuuzi asijisumbue: mtu apekuaye jaa kama kuku atapata wapi fedha ya kununua mnyama? Wanamjua kwa sura na kwa mahali alipo, nao wanaona wamemaliza kesi. Hata baada ya kuonyesha thumni yake, ununuzi wenyewe hauna akili kwa kipimo chao: hana chakula cha kumtosha, naye anaongeza tumbo la pili. Ndiyo lawama ileile inayoelekezwa kwa mpokea ruzuku anayenunua mbuzi au kuku badala ya unga. Ngano inaupa uamuzi huo wa kipumbavu nafasi ya kuzaa, na hadhira inayoisikiliza hugundua polepole kwamba ilikuwa imekaa upande wa waliosimama njiani.

Sehemu ya ugonjwa ni kali zaidi. Paa sasa ndiye mhitaji, na bwana wake anaagiza apewe uji wa mtama tu, kwa hoja kwamba alinunuliwa kwa thumni. Aliyepimwa kwa jaa anampima mwenzake kwa bei. Hii ndiyo sehemu inayoufunua mkutano wa kijiji kuliko nyaraka yoyote, kwa kuwa wanaohukumu mle si matajiri. Mwenye alama zinazomwingiza orodhani na mwenye alama zinazomwacha nje huenda wanachota maji bomba moja, na mmoja wao mwaka wa mbele anaweza kuwa mahali pa mwenzake.

Ngano hii ina upungufu wake, na mhakiki asiufiche. Huruma kwa paa mgonjwa imewekwa kwa mke, binti wa sultani, ambaye hajawahi kugusa jaa. Ni yeye amwonyaye mume, na ni yeye ampelekeaye paa chakula cha heshima. Mtambaji hakumpa maskini jirani hata mmoja wa kumtetea tangu mwanzo. Wale waliosimama njiani walisema neno moja, na hawakurudi tena katika hadithi.